Farasi akipagawa ringini: namna ya kumtuliza kabla jaji hajakukata maksi

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye mabanda ya farasi Oman, Qatar au Dubai, hii ni yenu, maana leo unamsugua tu ila ipo siku bosi atakukabidhi kamba akwambie haya, muingize ringini, yaani uwanjani mbele ya jaji.

Kwanza jua jaji anaangalia nini. Kwenye shoo za farasi wa Kiarabu zinazofuata sheria za ECAHO, ile jumuiya ya vyama vya farasi wa Kiarabu ya Ulaya ya tangu 1983, mfumo uliozoeleka ni maksi hadi 20 kwa kila kipengele: sifa za mbegu yake, kichwa na shingo, kiwiliwili na mgongo, miguu, halafu mwendo. Sasa farasi mwenye moto, mkia juu, pua wazi anakoroma, kwenye troti (ule mwendo wa mbio ndogo) anavuna maksi vizuri tu, ila miguu jaji anaikagua akiwa amesimama na akitembea polepole, kwa hiyo kama yeye anazunguka zunguka na kunyanyuka kwa miguu ya nyuma, hayo maksi ya miguu atapewa kwa kipi?

Halafu moto na woga ni vitu viwili, na jaji mzoefu anavitofautisha fasta. Mwenye moto masikio yako mbele, anashangaa watu na muziki lakini ukimgusia kamba anarudi kwako. Mwenye woga ukinyanyua mkono tu anarudi nyuma, mkia kaubana, weupe wa jicho unaonekana, hapo watu wanajua huko nyumbani anachapwa. Kupiga kiboko ovyo na makelele ya kumtisha ni kosa, kamati ya nidhamu inaweza kukushughulikia, na mimi naona ni haki kabisa.

Kazi kubwa ni nyumbani. Punguza shayiri na nafaka zingine, ongeza majani makavu, mtoe nje kila siku akimbie, asishinde bandani. Mfundishe kusimama: ukivuta kamba kidogo akatulia, legeza HAPO HAPO, usingoje, kule kulegeza ndiyo zawadi yake. Mwanzo ni sekunde chache tu, unaongeza taratibu. Mzoeshe vurugu za shoo: washa spika, mpitishe karibu na turubai, mlete karibu na farasi wengine, hasa akiwa dume.

Siku ya shoo wahi, mtembeze mpaka pumzi ishuke. Akinyanyuka ringini usimning'inie kichwani, anaweza kuangukia mgongo, mpe kamba, kaa usawa wa bega lake na sio mbele yake, akishuka mzungushe duara dogo kwa kutembea ndio umsimamishe tena. Jaji akiona unajitahidi kwa utulivu mara nyingi anakupa nafasi nyingine. Ikishindikana muombe ruhusa utoke naye, maana hata Uingereza kwenye shoo za kuongoza kwa mkono farasi asiyeshikika anatolewa tu, kuna watoto na farasi wengine pale.