Jinsi ya kuchagua na kumaliza kozi ya mtandaoni ya uchambuzi wa data

Kabla ya kulipia kozi yoyote, kusanya matangazo 20 ya kazi ya mchambuzi wa data katika mji unaotaka kuajiriwa. Fungua Excel, kila tangazo lipe mstari wake, kila programu inayotajwa ipe safuwima yake, kisha hesabu. Kwenye benki, kampuni za simu na za mikopo za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mara nyingi utakuta Excel, SQL (lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata) na Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza chati na ripoti). Mashirika yasiyo ya kiserikali yana kazi inayofanana na hiyo, ila huiita ufuatiliaji na tathmini. Huko utakutana na KoboToolbox ya kukusanya data za dodoso, SPSS au Stata za takwimu, na kwenye miradi ya afya DHIS2, mfumo wa taarifa za afya. Acha hesabu hiyo ndiyo ikuchagulie kozi.

Kozi zenyewe

Cheti cha Google kilichoko Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, kilichoanza 2021, kinapitia lahajedwali, SQL ndani ya BigQuery (hifadhidata ya Google ya mtandaoni), Tableau ya kuchora chati na R, lugha ya programu ya takwimu. Kinamfaa anayeanzia sifuri kabisa, kwa sababu kinaanza na namna ya kuunda swali kabla ya kugusa data. Pengo lake kwa soko letu ni Power BI, ambayo hakiifundishi. Cha IBM, hapohapo Coursera, kinatumia Excel, SQL na lugha ya programu ya Python, na kinamfaa zaidi anayetaka kuendelea na upangaji programu.

Kwa Power BI nenda Microsoft Learn. Masomo ni ya bure na yanaelekea PL-300, mtihani wa cheti cha Power BI, ambao ili ufaulu unahitaji alama 700 kati ya 1000. Mtihani wenyewe unalipiwa. Kaggle Learn ina kozi fupi za bure za SQL na Pandas (zana ya Python ya kushughulikia majedwali) zinazofanyika ndani ya kivinjari, na anayelenga sekta ya afya akamalizie kozi ya msingi ya DHIS2, nayo ni ya bure mtandaoni.

Chukua kozi moja kuu, kisha ziba pengo lake kwa hizo za bure. Vyeti vitatu vya ngazi ya mwanzo vinamwambia mwajiri jambo lilelile mara tatu.

Malipo na bando

Coursera hutoza kwa mwezi. Cheti cha Google nchini Marekani ni dola 49 kwa mwezi, na Google yenyewe inakadiria miezi isiyozidi 6 kwa saa 10 za kusoma kila wiki. Kwa hiyo kinachoamua gharama ni kasi yako: miezi 3 ni dola 147, miezi 6 ni 294. Jaza fomu ya msaada wa kifedha kabla ya kutoa kadi. Cheti kina kozi kadhaa ndani yake, na maombi hufanywa kozi kwa kozi; majibu huchukua kama wiki mbili. Wengi hukwama hapa: wanamaliza kozi ya kwanza ndipo wanaomba ya pili, kisha wanakaa bure wakisubiri. Omba ya pili siku uliyoanza ya kwanza.

Video zipakue kwenye programu ya simu ukiwa penye Wi-Fi, uzitazame bila intaneti. Bando lako liwekee mazoezi.

Mashine na vikomo vyake

Laptop yenye RAM ya GB 8 inatosha. Power BI Desktop ni ya Windows tu, kwa hiyo mwenye Mac ajue mapema.

BigQuery ina sehemu ya bure isiyohitaji kadi ya benki: hifadhi ya GB 10 na maswali ya hadi TB 1 kwa mwezi. Ila majedwali yake hufutika baada ya siku 60, na amri za INSERT (kuongeza mistari) na UPDATE (kuibadilisha) hazikubali. Ukiona kosa kwenye zoezi la kuongeza mistari, usihangaike kutafuta koma iliyokosekana. Tatizo ni aina ya akaunti. Mojawapo ya miradi ya mwisho ya cheti cha Google hutumia data za baiskeli za kukodi za Chicago. Ukiunganisha miezi 12 unavuka kikomo cha Excel cha mistari 1,048,576, na ziada haionekani kwenye jedwali. Fanya kazi hiyo kwa SQL, au kwa R iliyowekwa kwenye mashine yako.

Usiishie kutazama video

Kwa kila saa ya video tenga saa mbili za kuandika mwenyewe, video ikiwa imefungwa. Data za mazoezi huwa zimesafishwa tayari, za kazini hazijasafishwa, kwa hiyo jizoeze makosa mawili yafuatayo mpaka uyatambue kwa macho.

La kwanza ni tarehe. Chukua faili la CSV (data za maandishi zilizotenganishwa kwa koma) lenye 03/04/2024 na 13/04/2024. Kompyuta yenye mpangilio wa Marekani itaisoma ya kwanza kama Machi 4. Ya pili, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, itaiacha kama maandishi. Dalili ni kwamba tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Usifungue faili kwa kulibofya mara mbili. Liingize kupitia Data, kisha From Text/CSV, bofya Transform Data, futa hatua ya Changed Type iliyojiweka yenyewe, halafu weka aina ya tarehe kwa Using Locale na uchague Uingereza. Ukiwa hapo, safuwima ya namba za simu iweke kuwa Text, la sivyo 07 ya mwanzo inabaki 7.

La pili ni JOIN, amri ya SQL ya kuunganisha majedwali, inapozidisha mistari. Mteja ana mkopo wa 500,000 na amelipa mara tatu. Ukiunganisha jedwali la mikopo na la malipo, mkopo ule unajirudia kwenye mistari mitatu, na SUM, amri ya kujumlisha, inakuletea 1,500,000. SQL haitatoa onyo lolote. Jumlisha malipo kwanza kwa GROUP BY ili kila mkopo ubaki na mstari mmoja, ndipo uunganishe. Na kila unapofanya JOIN, hesabu mistari kabla na baada.

Mradi wa kuonyesha

Mradi wa baiskeli za Chicago umefanywa na maelfu ya wanafunzi. Ufanye ujifunze, lakini onyesha mwingine. Matokeo ya sensa ya Tanzania ya 2022 yako kwa NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, ya Kenya ya 2019 yako KNBS, ofisi ya takwimu ya huko. Benki ya Dunia hutoa faili ambazo kila mwaka ni safuwima, kuanzia 1960, zikiwa na mistari ya maelezo juu ya vichwa. Iondoe, kisha tumia Unpivot Columns ili mwaka uwe safuwima moja. Hapo tayari unaonyesha kazi halisi ya usafishaji.

Uliza swali moja linalojibika, weka chati tatu au nne, na andika ukurasa mmoja: data ilitoka wapi, ulirekebisha nini, jibu ni lipi, na nini data haiwezi kukujibu. Tableau Public, toleo la bure la Tableau, huweka kazi hadharani, kwa hiyo usipandishe orodha ya wateja wa ofisi yako hata kama umefuta majina. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022.

Kwenye CV, kiungo cha mradi kikae juu ya cheti. Ukiitwa kwenye usaili jiandae kupewa faili la Excel na muda mfupi wa kulifanyia kazi. Anza kwa kuhesabu mistari, kutafuta iliyojirudia na kukagua tarehe, na uyaandike uliyoyakuta kwenye karatasi ya kwanza ya faili kabla ya kuchora chati yoyote.