Jinsi ya kuchagua testi ya takwimu kwa data za samaki (na nyenginezo)

Kazi yangu ni kukusanya na kuchambua data za samaki hapa Lamu, Shela mpaka Kizingitini, na wanafunzi wengi hunijia na laptopu mkononi na swali moja, "sasa hapa nibonyeze testi gani?" Mimi humuuliza kwanza ulipima nini, ulimpima nani, na ulimpima mara ngapi. Jibu liko huko, kompyuta haiwezi kujua.

Hatua ya 1: andika swali lako kwa sentensi moja ya kawaida. "Je, mashua hupata samaki zaidi wakati wa kaskazi kuliko kusi?" Hilo ni swali la tofauti. "Je, dema likikaa majini siku nyingi samaki huongezeka?" Hilo ni la uhusiano. Ikiwa sentensi haiji, usifungue programu bado.

Hatua ya 2: zijue data zako ni za aina gani. Kilo, sentimita, shilingi, hizo ni vipimo. Dema, mshipi, jarife, yaani aina za vyombo vya kuvulia, ni makundi, hata kama kwenye Excel umeyaandika 1, 2, 3, wastani wake hauna maana yoyote. Alafu kuna zile za hojaji, "sikubali kabisa" mpaka "nakubali kabisa", zina mpangilio lakini hatua kati ya jibu na jibu hazilingani, hizo mimi huzipeleka tu kwenye testi zinazotumia nafasi ya kila jibu kutoka dogo mpaka kubwa badala ya namba yenyewe (kama Mann-Whitney na Wilcoxon hapo chini).

Hatua ya 3, na hapa ndo watu wengi huharibu kazi: waliopimwa ni wale wale au ni wengine? Tuseme una mashua tano, kusi zilipata wastani wa kilo 12, 30, 8, 45 na 20 kwa safari, na kaskazi mashua hizo hizo kwa mpangilio huo huo zikapata 15, 34, 10, 49 na 22. Ukizifanya kama makundi mawili yasiyojuana, t-testi ya kawaida (inayolinganisha wastani wa makundi mawili) itakupa p ya karibu 0.76, utaandika hakuna tofauti. Hiyo p ni nafasi ya kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi kwa bahati tu kama kwa kweli hakuna tofauti, na kwa kawaida watu hutaka iwe chini ya 0.05. Lakini angalia tena, kila mashua imeongeza, kilo 3, 4, 2, 4, 2. Ukitumia t-testi ya jozi p inashuka mpaka karibu 0.003. Data ni zile zile! Kilichotokea ni kwamba mashua kubwa na ndogo zinatofautiana sana zenyewe kwa zenyewe, na tofauti hiyo ikaifunika ile ya msimu, jozi inaiondoa kwa vile kila mashua inalinganishwa na nafsi yake.

Na kinyume chake pia kipo. Mashua 4 zilizopimwa safari 30 kila moja si sampuli ya 120, kwa maana safari za nahodha mmoja zinafanana. Chukua wastani wa kila mashua, au jifunze modeli mchanganyiko (mixed model, inayozingatia safari zipi ni za mashua ipi), lakini usizihesabu kama mashua 120 nakusihi.

Hatua ya 4: umbo la data. Chora histogramu (nguzo zinazoonyesha kila kiwango kimetokea mara ngapi). Data za kilo huku kwetu mara nyingi huinama upande mmoja, siku nyingi samaki kidogo alafu siku moja mashua inarudi imejaa. Makundi mawili tofauti na umbo zuri (kama kengele, lisiloinama), t-testi ya Welch (haidai mtawanyiko wa makundi ulingane, ndo mana naipendelea), umbo likiwa baya na sampuli ni ndogo, Mann-Whitney. Jozi ambazo tofauti zake hazina umbo zuri, Wilcoxon, ila ujue kwamba kwa jozi 5 testi hiyo haiwezi kukupa p chini ya 0.0625 hata mashua zote ziongeze, kwa hivo tafuta jozi zaidi. Makundi matatu na kuendelea ni anova (inalinganisha wastani wa makundi yote kwa pamoja), au Kruskal-Wallis umbo likiwa baya. Usirudie t-testi tatu tatu, kila moja ina nafasi ya asilimia 5 ya kukudanganya na zikiwa tatu inafika karibu asilimia 14.

Makundi kwa makundi, mfano aina ya chombo cha kuvulia na kama mvuvi ana leseni au hana, ni kai-skwea, na visanduku vya jedwali vikiwa na idadi tarajiwa (ile ungeitegemea kama hakuna uhusiano) chini ya 5 tumia testi ya Fisher. Uhusiano wa vipimo viwili ni Pearson ukiwa umenyooka, Spearman ukipanda bila kunyooka. Programu za R na jamovi ni za bure na zote zinafanya haya.

Hatua ya mwisho, unapoandika ripoti usiishie kwenye p. Kwa zile mashua tano za juu, sema tofauti ni kilo 3 kwa safari, na kwa uhakika wa asilimia 95 iko kati ya 1.8 na 4.2, hiyo ndo namba ambayo mvuvi ataielewa na kuijadili na wewe.

Na wewe ambaye hujaanza kukusanya, weka safu ya jina la mashua kwenye daftari leo. Mimi msimu mmoja niliandika tarehe na kilo peke yake, kaskazi ilipofika sikuweza tena kujua kilo zipi ni za nani, na jozi zote zikapotea.