Kuipima nadharia ya mageuzi kwa maharage na dadu

Nafundisha biolojia kidato cha nne, Muheza. Tukifika mada ya mageuzi siwaanzii na twiga, nawaanzia na sikoseli, maana hiyo wanaijua nyumbani kwao.

Anza na jambo lisiloeleweka. Kinasaba cha sikoseli, kinachoua watoto waliokirithi kwa baba na mama wote wawili, kilipaswa kupungua kila kizazi. Mbona mtafiti Anthony Allison, alipopima damu za watu Kenya mwaka 1949, alikikuta kwa wingi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na nyanda za juu kikawa nadra?

Kisha toa dhana. Yake ilikuwa hii: aliyekirithi kwa mzazi mmoja tu haugui sikoseli, na malaria haimwezi kirahisi. Hapo wanafunzi hushangilia, "Kumbe!" Nawakatalia. Kinasaba kimejaa palepale penye malaria nyingi, na ramani hiyo ya malaria ndiyo iliyoizaa dhana, haiwezi kugeuka kuwa shahidi wake. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika utakachokiona ukiwa umepatia, kulia utakachokiona ukiwa umekosea. Kulia kukikushinda kujaza, rudi kwenye dhana.

Kushoto sisi huandika: wenye kinasaba kimoja watakutwa na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wenzao wa eneo lilelile. Kulia: watalingana. Ndipo natoa takwimu alizochapisha Allison mwaka 1954, za watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 wenye kinasaba, 12 walikuwa na vimelea. Kati ya 247 wasio nacho, 113. Pigeni asilimia wenyewe: 28 kwa 46. (Aliwaambukiza pia malaria makusudi wanaume 30. Leo kamati ya maadili isingemruhusu hata kufungua kopo la mbu.)

Bado kuna swali: je, nafuu hiyo inatosha kukibakiza kinasaba? Chukua maharage 100, 50 yawekee alama ya kalamu: hayo ndiyo kinasaba cha sikoseli. Chota mawili mawili bila kutazama; kila mawili ni mtoto mmoja. Yote yakiwa na alama, mtoto amekufa kwa sikoseli. Yote yakiwa hayana, rusha dadu ya ludo: ikitoka 1 au 2, malaria imemchukua. Mchanganyiko hupona. Jaza hadi 100 kwa uwiano wa waliobaki, rudia mara kumi. Kundi jingine licheze bila dadu. Penye dadu, yenye alama huzungukia 25. Pasipo dadu, huporomoka hadi chini ya 10 au karibu na hapo.

Punje ziwe saizi moja. Mwaka wa kwanza nilichanganya maharage na choroko. Vidole vikawa vinachagua, nikapata matokeo mazuri ya kitu kisichokuwepo.

Mwaka jana kundi moja lenye dadu lilipoteza alama zote. Walikuwa wameanza na punje 20, si 100. Sikuwakemea. Niliwaambia wacheze tena na 20 mara tano, wahesabu ni mara ngapi zitapotea.