Umestaafu uko Kigoma na unataka kwenda kuishi nje: hela ya kuonyesha uiandae hivi

Shikamoni wazee wangu. Kila mwaka hapa Kigoma kuna watu wanapokea mafao, walimu, manesi, watu wa reli, watu wa bandari, na kati yao wapo ambao mtoto yuko nje na wanataka kwenda kukaa nae karibu, sio kutembea wiki mbili, kukaa kabisa. Wengi wanaanza na pasipoti na tiketi alafu hela ya kuonyesha ubalozini wanaikumbuka mwisho, wakati mkupuo ushakua tofali na bati kule Gungu na kilichobaki kwenye akaunti hakitoshi hata kujazia fomu. Kwaiyo naomba tuanze na hela, mengine yatafuata.

Kabla hujachagua nchi jiulize hela yako ni ya aina gani. Mstaafu wa kwetu ana hela za aina mbili, mkupuo unaokuja mara moja na pensheni inayoingia kila mwezi, na nchi za watu nazo zimegawanyika hivyo hivyo, zipo zinazotaka kuona kipato cha mwezi na zipo zinazokubali hela iliyolala benki. Ukipeleka mkupuo kwenye nchi inayotaka kipato cha mwezi unaweza kurudishwa hata kama una hela nyingi.

Tuchukue Afrika Kusini maana ndiyo ya karibu. Viza yao ya wastaafu inataka uonyeshe randi 37,000 kwa mwezi, iwe ni pensheni ya maisha au mali zinazokuingizia kiasi hicho, na ukiipata inaweza kuwa ya mpaka miaka 4. Randi ukiipigia kwa shilingi 140 hiyo ni zaidi ya milioni 5 kwa mwezi. Hispania wana viza ya kuishi bila kufanya kazi, kipimo ni euro 2,400 kwa mwezi na kila mtu unaeenda nae kama tegemezi anaongeza euro 600, hapo unaongelea kama milioni 7 za kwetu wewe peke yako. Thailand ni tofauti, wanataka uwe na umri wa miaka 50 au zaidi, alafu uchague, baht 800,000 ziwe benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, au uchanganye hela ya benki na kipato cha mwaka mzima mpaka jumla ifike 800,000. Baht nikiipigia kwa shilingi 80 (reti inabadilika, piga upya siku yako) 800,000 ni kama milioni 64.

Sasa tupige hesabu ya mtu wa kwetu. Tuseme mwalimu, mshahara wa kukokotolea mafao milioni 1 na laki 2, amefanya kazi miaka 35, yaani miezi 420. Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, cha Julai 2022 ni 1 ya 580, kwaiyo 420 gawanya kwa 580 zidisha kwa mshahara wa mwaka unapata pensheni ya mwaka kama milioni 10 na laki 4. Mkupuo wa asilimia 33 ya wakati huo mara miaka 12 na nusu ni kama milioni 43, na pensheni ya kila mwezi, kwenye asilimia 67 inayobaki, ni kama laki 5 na elfu 80. Baadae asilimia ya mkupuo ikaongezwa, kwaiyo nenda ofisi ya mfuko wako ukachukue hesabu yako iliyoandikwa, usitumie ya jirani.

Unaona hapo, kwa Afrika Kusini na Hispania mwalimu huyu hayupo kabisa, laki 5 na kitu haisogelei milioni 5. Ila kwa Thailand njia ya kuchanganya, milioni 43 ni kama baht 537,000, pensheni ya mwaka mzima ni kama baht 87,000, jumla 624,000, amepungukiwa kama milioni 14 hivi. Milioni 14 ni hela ambayo mtu mwenye shamba la michikichi au vyumba vya kupanga Mwanga anaweza kuijenga kwa miaka miwili mitatu kabla ya kustaafu, na ndio maana nasema hii kazi inaanza ukiwa na miaka 55, sio siku unakabidhi ofisi.

Ila nikuambie ukweli wazi, hela ya kuonyesha sio hela ya kula. Ile 800,000 ikishakua kwenye benki ya Thailand na umeombea kuongezewa mwaka mmoja wa kukaa kule, inatakiwa iwe imekaa miezi 2 kabla ya kuomba, ikae hivyo hivyo miezi 3 baada ya kukubaliwa, na baada ya hapo isishuke chini ya 400,000 mwaka wote mpaka uanze tena kuijaza. Kwaiyo kodi, chakula, dawa vinatoka mfuko mwingine. Viza ya Thailand ya mwaka mmoja ambayo unaiombea ukiwa huku huku nyumbani inadai pia bima ya afya ya kufikia baht milioni 3, na bima kwa mtu wa miaka 60 na zaidi ina bei yake, iulizie mapema maana ndiyo inayobomoa bajeti za watu wengi. Na kufanya kazi ukiwa na viza ya kustaafu hairuhusiwi. Mzee mwenye pensheni ya laki 5 peke yake, hana vyumba, hana mtoto wa kumshika mkono kule, mimi simshauri aende, hata kama amefikisha ile 800,000.

Haya, tuseme hela ipo au inakaribia. Kinachoangaliwa kwenye karatasi za benki ni safari ya hiyo hela kuliko hata ukubwa wake. Akaunti iliyokua na laki 3 mwaka mzima alafu ghafla ikaingia milioni 60 wiki moja kabla ya kuomba, ofisa anajua kuna mtu kaazima kikoba au kwa shemeji, na kuazima hivyo ni hatari mara mbili maana ukinyimwa viza deni linabaki. Mkupuo wa mafao wenyewe hauna shida hata kama umeingia mara moja, mradi una barua ya mfuko, PSSSF au NSSF, inayoonyesha jina lako, kiasi, na tarehe, na hiyo tarehe ifanane na ya kwenye steitimenti. Iombe barua hiyo siku ile ile unayofuatilia mafao, ukiambiwa uje kesho rudi kesho.

Hela ya vyumba, ya mawese, ya dagaa wa Kibirizi, hii ndiyo inayotusumbua watu wa huku kwa sababu inapita mkononi na kwenye simu, haifiki benki. Anza leo kuipitisha benki kila mwezi tarehe zile zile, vyumba viwe na mikataba ya maandishi na kodi ya TRA ilipwe na risiti zitunzwe, maana bila hivyo ni kama hiyo hela haipo. Na kama una mkupuo ila unatamani nchi inayotaka kipato cha mwezi, fikiria kuugeuza, hati fungani za serikali za Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali, zinaanzia milioni 1 na zinalipa riba kila miezi 6, UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, nao wana mfuko wa hatifungani unaoweza kukutolea gawio la kila mwezi, na vyote hivyo vina karatasi nzuri za kuonyesha. Haitakufikisha milioni 5 kwa mwezi kwa mkupuo wa milioni 43, tusidanganyane, ila kwa mtu aliyetoka na milioni mia na kitu na ana nyumba zinazolipa, hapo kuna maongezi.

Akaunti iwe ya jina lako peke yako, sio ya wewe na mama au wewe na mtoto. Na majina, jamani majina! Kitambulisho cha NIDA, pasipoti, barua ya mfuko na akaunti viwe herufi kwa herufi. Kuna watu cheti cha kazi kinasema Husein na NIDA inasema Hussein, nenda kwa wakili ukale kiapo au ubadili jina kisheria kabla hujaomba chochote. Pasipoti ni shilingi 150,000 na unaanzia Uhamiaji hapa hapa mkoani, na kwa vile tuko mpakani maswali ya uraia huwa mengi, kwaiyo kusanya cheti chako cha kuzaliwa na karatasi za wazazi mapema hata kama wameshatangulia mbele ya haki. Karatasi zozote za Kiswahili zipelekwe BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, zikatafsiriwe rasmi, na hati ya tabia njema ya polisi iache mpaka karibu na mwisho maana balozi zinataka iliyo mpya.

Reti nayo ikupe nafasi. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700 alafu mwisho wa mwaka ikashuka sana, mtu aliyekua na hela ya kutosha kwa shilingi tu angejikuta hajafika au kavuka kutegemea na mwezi. Jiwekee asilimia 10 juu ya kinachotakiwa, au fungua akaunti ya dola. Ukifika wakati wa kutuma kule, tuma kwa benki, jina lako kwenda jina lako, na uombe nakala ya swifti, ile karatasi ya benki inayoonyesha hela imetumwa nje, uitunze kama cheti cha ndoa, kwa sababu Thailand wanataka kuona hela imetoka nje ya nchi yao. Usibebe maburungutu, ukizidisha dola 10,000 unatakiwa kuzitangaza uwanjani, na hela uliyoifikisha mkononi ni ngumu kuitolea maelezo kule benki.

Ubalozi wa Afrika Kusini uko Dar. Wa Thailand unaotuhudumia uko Nairobi, ila maombi ya viza siku hizi yanafanyika mtandaoni tangu Januari 2025, kwaiyo unaweza kukaa Ujiji ukaskani kila kitu, skani kwa rangi, kurasa zote za steitimenti zenye muhuri, hata zile ambazo hazina kitu.

La mwisho ni pensheni yenyewe. Mfuko unahakiki wastaafu kila mwaka kujua kama upo hai, na usipohakikiwa malipo yanasimama, sasa wewe uko mbali na kule nako kuna salio halitakiwi kushuka. Kwa watu wa PSSSF weka programu ya PSSSF Kiganjani kwenye simu kabla hujaondoka, jihakiki mara moja ukiwa bado hapa uone inavyofanya kazi, alafu ile laini iliyosajiliwa kwenye mfuko na benki usiiache kwa mjukuu, ondoka nayo na iunganishwe kupokea meseji ukiwa nje.