Namna ya Kuzuia Viambato Vilivyochafuliwa Visiingie katika Kashata, Ubuyu na Viungo vya Pakiti

Mwongozo huu unawahusu watu wanaotengeneza chakula kwa kiasi kidogo Unguja na Pemba: wapishi wa ubuyu, watengenezaji wa kashata za njugu, na wanaosaga na kufunga viungo kwa ajili ya maduka, mahoteli na wageni. Sumu zinazopaswa kuwatia wasiwasi zaidi huwa zimekwishaingia ndani ya kiambato kabla hakijafika jikoni, na moto hauziondoi. Vijidudu vingi hufa chakula kikichemka, lakini sumukuvu ya njugu, yaani sumu inayotolewa na kuvu (aflatoksini), huvumilia joto la kukaangia, na madini ya risasi yaliyotiwa kwenye manjano hubakia hata ukipika kutwa nzima. Kwa hiyo udhibiti wa kweli hufanyika pale unaponunua na kupokea mzigo.

Nitakaa zaidi kwenye njugu, kwa sababu hatari yake ni kubwa na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Njugu zikipata unyevu shambani, ghalani au chomboni wakati wa kuvushwa kutoka Bara, huota kuvu wanaotoa sumukuvu. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka, sumu hii huweza kumletea saratani ya ini. Akiila nyingi kwa mara moja, huharibu ini na kuua. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 kati yao wakafariki, na mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yaliwafika wananchi wa Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu njugu kuwa na zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na ile ya aina ya B1 isizidi mikrogramu 5. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakijulikani kwa harufu.

Polo linapofika, usiridhike na konzi moja ya juu. Sumukuvu haijitandazi sawasawa. Punje chache zilizooza huweza kubeba sumu ya polo zima. Choma bambo, yaani kile chuma chenye uwazi cha kutolea sampuli kwenye polo, juu, katikati, chini na ubavuni, fanya hivyo kwa mapolo kadhaa ya mzigo huo huo, changanya ulichokipata, kisha ugawe mafungu mawili: moja liende maabara, na la pili ulihifadhi kwenye chombo kikavu kilichoandikwa tarehe na jina la muuzaji. Najua kwamba gharama ya kupima humlemea mtu anayenunua polo moja kwa mwezi, na kwa maoni yangu njia inayofaa ni watengenezaji wa shehia moja kununua mzigo kwa pamoja na kuchangia kipimo kimoja.

Baada ya hapo njugu zichaguliwe kwenye ungo, mahali penye mwanga wa mchana. Ondoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Ukishazikaanga kidogo na kuzipukusa maganda, zichague tena, kwani punje yenye doa la kahawia au kijivu huonekana wazi zaidi ikiwa haina ganda. Usilegeze mkono hapa kwa kuhofia hasara. Zilizotupwa zisikamuliwe mafuta, wala wasipewe kuku au ng'ombe, maana sumu hiyo hupita kwa mnyama ikatokea kwenye maziwa. Mapolo yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na wakati wa masika usinunue zaidi ya unachoweza kukimaliza upesi.

Kwenye manjano tatizo ni la kutengenezwa na watu. Baadhi ya wafanyabiashara katika nchi za Asia wamekuwa wakiyapaka kromati ya risasi, ambayo ni rangi ya kiwandani, ili yang'ae. Risasi hudhoofisha ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Bangladesh ilionyesha kwamba udhibiti unawezekana: mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za manjano ya sokoni zilikuwa na rangi hiyo, na baada ya serikali kupima masoko hadharani, kuwatoza faini wauzaji na kuwaelimisha wananchi, mwaka 2021 haikupatikana hata sampuli moja. Rangi hiyo hupakwa kwenye manjano mazima yanaposuguliwa, kwa hiyo kununua mazima hakutoshi. Sisi tuna bahati ya kuwa na wakulima karibu: nunua manjano mabichi kwa mkulima unayemjua, chemsha, kata, anika juu ya jamvi safi na usage mwenyewe. Unga wako hautang'aa kama ule wa dukani, na mteja aelezwe hivyo bila ya kuona haya.

Kwa ubuyu, jambo la kuangaliwa ni rangi inayotiwa kwenye shira. Usinunue rangi iliyopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lisilo na jina, hata muuzaji akikuapia kuwa ni ya chakula. Kopo lionyeshe jina la rangi, namba yake ya utambulisho, namba ya toleo (yaani fungu lililotengenezwa kwa pamoja), tarehe ya kuisha na mtengenezaji. Rangi ipimwe kwa mizani ndogo, kwa sababu hata iliyoruhusiwa ina kiwango chake, na wanaokula ubuyu zaidi ni watoto wa skuli.

Weka daftari. Kila mzigo uandikwe umetoka kwa nani, lini, umeingia kwenye toleo gani la bidhaa yako, na toleo hilo limepelekwa maduka gani. Mwaka 2005 nchini Uingereza unga wa pilipili uliotiwa rangi ya Sudan 1, ambayo haikuruhusiwa kwenye chakula, uliingia kwenye sosi moja, na sosi hiyo ikaingia kwenye mamia ya bidhaa nyingine. Zilirudishwa kutoka madukani kwa sababu kumbukumbu zilionyesha kila kilikopelekwa. Asiye na daftari hulazimika kurudisha kila kitu, au asirudishe chochote.

Ukishuku mzigo, utenge, uandike "usitumike", na usimrudishie muuzaji kimya kimya. Wengi hufanya hivyo ili warudishiwe fedha zao, na siku ya pili polo lile lile huwa liko kwa mpishi mwingine. Chukua sampuli uliyoihifadhi, risiti na lebo, uende kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao hufanya kazi chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2006 na ndio wenye mamlaka ya kuzuia mzigo usiuzwe na kusimamia kuteketezwa kwake. Ikiwa bidhaa yako imekwishatoka, wapelekee na orodha ya maduka siku hiyo hiyo, na uanze kuyapigia simu kabla hujasubiri majibu ya maabara.