Ukipita mjini katikati ya safari ya miguu, simu kwanza

Wengi wanaotembea milima ya Usambara, Tanzania, kutoka Lushoto kwenda Mtae hupitia mji mdogo wa Lukozi. Ukifika hapo usikimbilie chakula. Tafuta mgahawa wenye umeme, omba kuchaji simu, ndipo uagize. Wali ukiwa jikoni, vua viatu, anika soksi juani, vaa nyingine kavu. Lengelenge likianza kisiginoni, weka plasta hapo hapo, usingoje jioni.

Kisha pesa. Toa kwa wakala na uombe noti ndogondogo, maana huko mbele mwenye duka mara nyingi hana chenji ya elfu kumi. Jaza maji. Plamu na peasi za Lushoto zikiwa kwenye msimu ni tamu mno, lakini chukua chache tu: kila kilo utaipandisha mgongoni hadi kijiji cha Rangwi, huko mbele njiani.

Kula kiasi, ugali wa kushiba na kilima cha mchana havipatani kabisa. Na saa 8 mchana uwe umeshaondoka. Huku kwetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na giza huingia upesi, hasa msituni.