Midundo ya Witiri: Kupiga 5/4 na 7/8 Bila Kupotea

Mpiga ngoma wa kanisani hapa Nairobi anayeipeleka 6/8 ibada nzima bila kuhesabu tayari ana nusu ya kile anachohitaji ili apige 5/8. Hesabu haimshindi. Kinachomshinda ni mwili uliozoea kurudi mwanzo kwa hatua zilizo sawa, ilhali mdundo wa witiri hurudi mapema kidogo au hukawia kidogo. Kazi yote ni kuuzoesha mwili mahali papya pa kurudia.

Kwanza alama yenyewe. Nambari ya juu hutaja idadi ya mapigo katika kipimo kimoja, yaani mzunguko mmoja wa mdundo hadi unaporudi mwanzo, na ya chini hutaja noti inayobeba pigo: 4 ni noti ya robo, 8 ni noti iliyo nusu ya robo. Hizi fupi tutaziita vipigo. Kwa hiyo 5/4 ina mapigo matano, na 7/8 ina vipigo saba. Lakini hakuna sikio linalosikia saba kwa mkupuo. Sikio husikia mafungu ya mbili na ya tatu. Tano ni 3+2 au 2+3. Saba ni 2+2+3, 3+2+2 au 2+3+2. Kama hujui mafungu yamepangwaje, mdundo bado hujaujua hata ukihesabu sawasawa.

Anzia kibandani

Ukipiga 7/8, usihesabu "moja, mbili, tatu". Nambari zetu kuanzia moja hadi kumi zote zina silabi mbili, hata nne (n-ne). Ukilazimisha nambari nzima iingie ndani ya kila kipigo, ulimi unachelewa na mkono unaufuata. Tumia chakula.

Sema kwa sauti: *chapo na ndengu na, chapo na ndengu na.* Piga kofi kwenye CHA na kwenye NDE. Silabi sita, makofi mawili: hiyo ni 6/8 unayoijua tangu utotoni. Sasa dondosha "na" ya mwisho: *chapo na ndengu, chapo na ndengu.* Umeingia 5/8 ya 3+2. Rudisha "na" hiyo na udondoshe ile ya kwanza: *chapo, ndengu na.* Hiyo ni 2+3. Kwa saba sema *chapo, ndengu, maji na*, yaani 2+2+3. Ukitaka 3+2+2, *maji na chapo, ndengu*. Tisa ya 2+2+2+3 ni *chapo, ndengu, wali, maji na*. Kumi na moja, inayowatisha wengi, ni *chapo, ndengu, maji na, chapo, ndengu*: 2+2+3+2+2. Huo ndio mpangilio wa kopanitsa, ngoma ya Bulgaria ambayo watu huicheza kwa miguu harusini. Ile 2+2+3 nayo ni ya rachenitsa, ya huko huko.

Maneno hayo hayakuokotwa ovyo. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la silabi mbili basi linakaziwa mwanzoni, palepale fungu linapoanzia. Neno la silabi tatu linakaziwa katikati: u-GA-li, su-KU-ma. Ukitumia "ugali" kama fungu la tatu, mkazo unahamia kipigo cha pili, na baada ya vipimo vinne utaamini kwamba hapo ndipo mwanzo. Ndiyo maana fungu la tatu tunalijenga kwa neno la silabi mbili pamoja na "na". Epuka "chai" pia. Watu wengi huimeza ikawa silabi moja, na kipigo kimoja kinapotea nayo.

Mazoezi haya hayahitaji ala, jambo jema kwa anayeishi kwenye ploti yenye kuta nyembamba. Keti, weka viganja mapajani. Mkono wa kulia upige kichwa cha kila fungu, wa kushoto upige vipigo vinavyobaki. Fungua metronomu ya simu, programu inayolia kwa kasi isiyobadilika, kwenye milio 120 kwa dakika, kila mlio uwe kipigo kimoja. Kaa kwenye mpangilio mmoja dakika tatu nzima kabla ya kupanda hadi 128, kisha 136. Dalili ya kwamba umeiva: mtu akibisha hodi, umjibu "karibu" bila mkono kuteleza.

Mkono na mguu vinavyogeuka

Tembea ukihesabu tano, hatua moja kwa kila pigo. Moja ya kwanza itaangukia mguu wa kulia, inayofuata wa kushoto. Hapa ndipo wengi huongeza hatua ya sita bila kujua, kwa sababu mguu unataka kurudi upande wake. Uache ugeuke. Ukiweza kutembea hivyo kutoka kituo cha matatu hadi nyumbani, 5/4 imeingia.

Mpiga gitaa ana shida hiyo hiyo kwenye kiganja. Mkono unakwenda chini-juu, chini-juu. Kwa vipigo saba, kipimo cha pili kinaanza kwa kupanda juu, na mkazo wote unageuka. Dawa ni kurudia chini mara mbili kwenye mpaka: *chini-juu, chini-juu, chini-juu-chini*, halafu chini tena. Ile chini mbili mfululizo ndiyo alama yako ya kwamba kipimo kipya kimeanza. Mpiga kayamba hana njia hii kwa sababu kayamba huenda kulia na kushoto tu. Yeye auache mwelekeo ugeuke kila kipimo, kisha akazie kwa nguvu ya kiwiko.

Kwenye seti ya ngoma, anza na 7/8 ya 2+2+3 hivi: haihati (matoazi mawili ya kukanyaga) vipigo vyote saba, ngoma ya mguu kwenye 1 na 3, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) kwenye 5. Usiongeze pambo lolote mpaka vipimo thelathini na mbili vipite safi. Kwa 5/4 ya 3+2, mguu kwenye 1 na 4, snea kwenye 3 na 5. Mwenye kinanda asitegemee midundo iliyomo ndani ya mashine, maana mingi ni ya 4/4, 3/4 na 6/8. Mkono wa kushoto ndio uwe ngoma yake.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza, kunyamaza kidogo mwishoni mwa 7/8, ikawa nane. Jirekodi kwa simu, kisha usikilize ukipiga makofi ya 4/4 yaliyo sawa juu yake. Makofi yakikubali kila kipimo, umeongeza kipigo. La pili, kukimbiza fungu la tatu, kana kwamba vipigo vitatu vinapaswa kukaa kwenye nafasi ya viwili. Kipigo hakibadiliki urefu. Fungu ndilo linalorefuka. La tatu, kukazia vipigo vyote sawa, na hapo msikilizaji hana pa kushika.

Ukishatulia, igeuze metronomu iwe mpinzani wako. Iweke ilie kila baada ya vipigo viwili huku wewe ukipiga 7/8. Kipimo cha kwanza italia kwenye 1, 3, 5 na 7, cha pili kwenye 2, 4 na 6, kisha mtakutana tena kwenye 1. Usiifuate. Baadaye iweke 40 ilie mara moja tu kwa kila kipimo, ambayo ni vipigo 280 kwa dakika.

Kuimba ndani ya tano

Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo watunzi wengi hawajaiona. Mstari wa utenzi una mizani nane, yaani silabi nane. Kipimo cha 5/4 kina vipigo kumi. Weka mizani moja kwa kila kipigo, na vinabaki viwili vya kuvuta pumzi. Jaribu na *Jua limewaka leo*:

JU-a | li-me | WA-ka | LE-o | (pumzi)

Mkazo wa mwisho wa mstari, LE, ni mizani ya saba, na kipigo cha saba ndicho mwanzo wa pigo la nne. Katika 3+2, pigo la nne ndilo kichwa cha fungu la pili. Mstari umekaa pake bila kulazimishwa. Kwenye 7/8 mambo ni magumu zaidi: mizani nane hazitoshei kipimo kimoja, basi tunga mistari ya mizani saba, au utandaze nane juu ya vipimo viwili na uache sita za kupumua.

Kwaya zinazosoma solfa ziandike mstari mfupi wa wima badala ya nukta mbili (:) zinazotenga mapigo, pale fungu la pili linapoanza. Macho yataona 3+2 kabla ya sauti kutoka.

Mkiwa bendi, kubalianeni kwa maneno juu ya mafungu kabla ya kuwasha amplifaya. Mpiga besi akiwa na 3+2 na mpiga ngoma akiwa na 2+3, wote wawili watakuwa sahihi na wimbo utakuwa umeharibika. Besi na mguu wa ngoma waanze peke yao kwa vipimo nane, gitaa liingie, kinanda kifuate, sauti mwisho. Kwenye "Take Five", wimbo wa jazi wa 5/4 wa kundi la mpiga piano Dave Brubeck uliorekodiwa 1959, piano inashikilia 3+2 ileile huku ngoma ikijimwaga kwenye sehemu yake ya peke yake. Mwachieni mtu mmoja kazi hiyo katika kila wimbo wa witiri, na asiruhusiwe kupamba.

Anayehesabia bendi kuingia ahesabu vipimo viwili kamili. Kwenye 5/4, "moja, mbili, tatu, nne" ya mazoea itawaingiza wote pigo moja kabla ya wakati.